Diplomacy: Geimu Isiyo na Dadu Inayokulazimisha Umtegemee Mtu Usiyemwamini

Haya watu wangu, karibuni tena, leo nina boksi moja kubwa hapa mezani na ndani yake vitu vyenyewe wala si vingi, ukifungua unaweza ukajiuliza hela imeenda wapi. Kuna ramani ya Ulaya ilivyokuwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuna vijeshi na vimeli vya rangi saba, kuna kitabu cha sheria, basi. Dadu hamna. Kadi za bahati hamna. Hii inaitwa Diplomacy na nimetoka kuicheza mechi nzima, watu saba kamili, na kichwa bado kinazunguka kwa hiyo nikiruka ruka mnivumilie.

Historia fupi tu. Aliyeibuni ni Mmarekani anaitwa Allan Calhamer, kaitengeneza mwaka 1954 alipokuwa bado anasoma Harvard, akazungusha kwenye kampuni hakuna aliyeitaka, mwaka 1959 akachapisha mwenyewe kopi 500. Baadaye huyo jamaa akaja kufanya kazi ya kusambaza barua, tarishi kabisa, na geimu yake inachezwa dunia nzima. Mimi hiyo stori naipenda sijui kwa nini.

Sasa inachezwaje. Kila mtu anachukua nchi moja: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi au Uturuki. Wote wanaanza na vikosi vitatu, Urusi peke yake ana vinne. Kwenye ramani kuna vituo 34, na idadi ya vituo ulivyonavyo ndiyo idadi ya vikosi unavyoruhusiwa kuwa navyo, ukipata kituo unaongeza kikosi, ukipoteza unatoa. Anayefikisha 18 kashinda. Geimu inaanzia mwaka 1901 na kila mwaka una zamu mbili, machipuo na vuli, vituo vinahesabiwa ikiisha vuli.

Kabla ya kila zamu mnaongea. Kama nusu saa ile ya kwanza kabisa, halafu robo saa robo saa zinazofuata, na kuongea maana yake mnatawanyika, wawili wako koridoni, wengine watatu jikoni, mmoja kabaki mezani anajifanya anasoma ramani kumbe anaangalia nani katoka na nani. Ahadi yoyote inaruhusiwa na hakuna ahadi inayokufunga, hiyo iko kwenye sheria kabisa. Mkirudi mezani kila mtu anaandika oda zake kwa siri kwenye karatasi, zinafunguliwa zote kwa pamoja, zinasomwa. Ukiandika oda isiyoeleweka jeshi lako linakaa palepale, kwa hiyo wenye mwandiko wa daktari jipangeni.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wakiisifia hii geimu au wakiiponda wanasema ni geimu ya uongo, ya kusalitiana, geimu inayovunja urafiki. Mimi baada ya hii mechi naona wanaangalia upande mmoja tu. Kila kikosi kwenye hii geimu kina nguvu moja. Jeshi lako ni moja, langu ni moja, la mwenye vituo 15 nalo ni moja vilevile. Mimi nikija kwako moja kwa moja tunagongana, hakuna anayesogea. Ili nikutoe lazima kikosi kingine kinisapoti, tuwe wawili kwa mmoja, na kikosi kinachosapoti kinabaki kimesimama, hakisogei. Ukitaka kusogea mbele ubaoni na una vikosi vitatu, umezungukwa na majirani watatu wanne, hesabu haikubali. Lazima uombe sapoti ya mtu mwingine. Sheria inaruhusu hilo, jeshi la nchi nyingine linaweza kukusapoti wewe, na sapoti hiyo anaiandika yeye kwenye karatasi yake ambayo wewe huioni mpaka inasomwa.

Umeona huo ukatili? Kabla hata mtu hajakudanganya, tayari umeshalazimika kumtegemea. Na kwa sababu vituo ni 34 na mshindi ni wa 18, wawili hamuwezi kufika wote. Siku ya kwanza kabisa mnapopeana mkono mnajua kuna siku hesabu itawafikia. Kwa hiyo kugeukana kunatoka kwenye namba, hata mkicheza watu saba waaminifu kuliko wote duniani mtafika pale pale, labda mtachelewa tu.

Ngoja niwape mfano wa mechi yenyewe. Mimi niliangukiwa na Austria. Wanaoijua hii geimu wameshaanza kunionea huruma, Austria yuko katikati, ana Italia kushoto, Urusi juu, Uturuki kulia na Ujerumani juu ya kichwa, na ikitokea wawili wakaelewana dhidi yako mapema, mwaka 1903 unaweza ukawa mtazamaji. Kwa hiyo cha kwanza kabisa nikamfuata Italia, maana Venice yake na Trieste yangu zinapakana, vituo viwili vinagusana tangu mwanzo, hakuna sehemu nyingine ubaoni nchi mbili zimebanana hivyo. Tukakubaliana asiguse Trieste, mimi nisiguse Venice, na wote tumgeukie Uturuki. Hiyo mbinu inajulikana kabisa, ina jina, inaitwa Lepanto. Italia anapeleka jeshi Tunis, meli zake zinasogea mashariki ya Mediterania, mwaka wa pili jeshi linavushwa kwa meli mpaka Syria, mlango wa nyuma wa Uturuki. Mimi huku nachukua Serbia na Ugiriki.

Ikaenda vizuri kweli. Uturuki kapigwa, Italia kaingia Smyrna, kituo cha Uturuki, mimi nina jeshi Bulgaria. Halafu mwaka 1903 zamu ya machipuo naona jeshi la Italia limeingia jimbo la Tyrolia. Nikamuuliza, akasema ndugu yangu usijali, namlinda Mjerumani asije akashuka kutoka Munich. Jibu zuri, na lina mantiki, tatizo ni kwamba Tyrolia inapakana na Munich na inapakana na Trieste pia. Kabla sijakaa sawa Mjerumani mwenyewe akanivuta pembeni akaniambia huyo anachukua Trieste zamu hii, na huyo Mjerumani hana sababu ya kunipenda mimi, anafaidika vizuri tu mimi na Italia tukizinguana.

Sasa hapo unafanyaje? Ukimfuata Italia na kumtuhumu, na kama alikuwa mkweli, umevunja ushirika wako pekee kwa maneno ya jirani. Ukinyamaza na akaja kweli, Trieste imekwenda na hapo hapo na Vienna imebaki wazi. Nilichofanya, nikaandika jeshi la Vienna liisapoti Trieste ibaki pale ilipo. Kama Italia ni mkweli hiyo oda haimuumizi, mimi ndiye naumia kwa sababu lile jeshi lilitakiwa liende Galicia kumzuia Mrusi. Oda zikasomwa. Italia: Venice kwenda Trieste, Tyrolia inasapoti. Mimi: Trieste inakaa, Vienna inasapoti. Wawili kwa wawili, hakuna kilichotoka. Meza nzima kimya halafu Mfaransa akaanza kucheka, maana karatasi zimeonyesha kila kitu, Italia alikuwa ananigeuka na mimi nilikuwa simwamini, wote wawili tumeumbuka mbele za watu.

Na hiki ndicho nimekipenda kuliko vyote humu ndani. Robo saa iliyofuata Italia akanifuata mwenyewe. Si kwa kuomba radhi, alikuja na hesabu. Jeshi lake la Smyrna haliwezi kuchukua Constantinople peke yake, Uturuki bado anailinda, na aliyekaa jirani ni jeshi langu la Bulgaria. Bila mimi safari yake yote ya mashariki inaishia hapo. Na mimi bila yeye Mrusi ananishukia na Trieste yangu inabaki na mtu mlangoni. Nikamwambia sawa, Constantinople inakuwa yangu, wewe ndiye unasapoti kutoka Smyrna, na jeshi lako litoke Tyrolia. Akakubali. Na akafanya kweli! Mtu aliyetaka kunimaliza zamu iliyopita akawa mshirika mwaminifu kuliko wote mpaka mwisho wa mechi, na nilimwamini zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa najua anachotaka na najua hawezi kukipata bila mimi.

Mjerumani naye, wasiwasi wangu ulikuwa wa haki japo alichosema kilikuwa kweli tupu. Alitaka Italia na mimi tushikane mashati ili mgongo wake uwe salama apambane na Ufaransa. Hakufanikiwa, Ufaransa na Uingereza wakamgawana. Lakini fikiria, silaha aliyotumia ni ukweli. Wachezaji wapya wanadhani wakijua kudanganya wamemaliza, halafu wanadanganya zamu ya kwanza kwa kitu kidogo, labda wapate Belgium zamu moja mapema, na miaka kumi iliyobaki ya geimu hakuna anayewapa sapoti. Kikosi kina nguvu moja, kumbuka. Asiyeaminiwa na mtu hasogei.

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu ya akili bandia inaitwa Cicero, waliiingiza kwenye mechi 40 za mtandaoni na binadamu ambao hawakujua wanaongea na mashine, ikaingia kwenye asilimia 10 ya juu ya wale waliocheza zaidi ya mechi moja. Waliotengeneza walisema waliilenga iwe mkweli kwa sehemu kubwa kwa washirika wake. Mimi sishangai. Chess kompyuta walishaimaliza zamani, hii iliwachukua muda kwa sababu lazima uongee na mtu, umuelewe anataka nini, halafu umpe sehemu yake.

Ok, mabaya yake, maana uchambuzi bila mabaya ni tangazo. La kwanza ni muda. Mechi ya watu saba inakula saa sita, saa nane, na huwezi kusema tutamalizia kesho kwa sababu usiku huo watu watapigiana simu. La pili, ukitolewa umetolewa. Uturuki wetu alikaa masaa anaangalia simu, na hakuwa amecheza vibaya, tulimvamia wawili tu. Geimu za kisasa zimeshaacha hiyo tabia ya kumtupa mtu nje mapema na mimi naona hapa umri wa hii kitu unaonekana. La tatu, sheria za kuvusha jeshi kwa meli na za kukata sapoti, kile kitabu kinazieleza lakini soma na ramani mbele yako uhamishe vikosi kwa mkono, ukisoma kitandani hutaelewa kitu. Kukata sapoti kwa kifupi: ukimshambulia anayesapoti, hata ukigonga tu bila kumtoa, sapoti yake imekufa, isipokuwa shambulio likitoka kule kule anakosapoti kupigwa. Hiyo sentensi irudie mara mbili.

La nne, watu saba. Kwenye boksi wameandika mbili mpaka saba, msidanganyike. Mkiwa sita mnamtoa Italia, mkiwa watano mnamtoa na Ujerumani, inachezeka, lakini ramani inakuwa na mashimo na ule msongamano wa katikati unapotea. Chini ya watano mimi binafsi siitoi kabatini. Kama huna watu, zipo sehemu za kucheza mtandaoni, zamu moja kwa siku, na huko kinachobadilika ni kwamba kila ulichoahidi kimeandikwa, mtu anaweza kukurudishia meseji yako ya juzi.

Na nani asicheze? Wale ambao wakifungwa ludo hawaongei na mtu wiki nzima. Sitanii. Kabla hamjaanza ambianeni kabisa kwamba kugeukana kupo, ni sehemu ya oda kama oda nyingine, akigeukwa mtu asianze kukumbushia mambo ya nje ya meza. Kundi langu tulilisema hilo mwanzoni na lilisaidia, Italia kaniumbua na tukaendelea kucheka.

Mnauliza nani kashinda? Hakuna. Ufaransa alifika 16, Italia 10, mimi 8, na tulipoona vile mimi na Italia tukapanga vikosi mstari mmoja unaosapotiana toka kusini mpaka kaskazini, Mfaransa akagonga zamu baada ya zamu hakupita. Kwa sheria wote walio hai mkikubaliana mechi inaisha sare na sare mnagawana sawa, mwenye 8 na mwenye 16 mmepata kitu kilekile. Mfaransa hajafurahi mpaka leo. Mimi Austria wangu wa vituo 8 nauhesabu ushindi.

Kwa hiyo alama zangu: kama geimu ya bodi tu, vifaa na kitabu, naipa sita kwa kumi. Kama kitu cha kufanya na watu saba wazima wenye siku nzima, tisa. Swali lolote la kuvusha majeshi kwa meli liandikeni hapo chini na mtaje mwaka na zamu, na majimbo yote yanayohusika, maana bila hivyo siwezi kuwajibu.