Programu ya mauzo dukani kwangu Mwanga, Kigoma: kazi inafanya, ila usilipie mwaka mzima

Wenzangu wa Mwanga wakipita dukani macho yote kwenye kile kisomeo cha misimbo pau ya bidhaa, na swali la kwanza ni bei yake. Kisomeo si kitu, hata simu inasoma. Ukitaka kujua kama programu ya mauzo inafaa, angalia inavyotunza hesabu ya stoo siku ambayo umeme unakatika na wateja wamejaa.

Mimi nauza jumla na rejareja: sukari, mchele, sabuni, mawese, viberiti. Wateja wangu wengi wa jumla wanatoka vijiji vya ziwani, na wa Kagunga ndio wenye haraka kuliko wote, maana boti likishajaa pale Kibirizi halimsubiri mtu. Mteja wa namna hiyo hawezi kukaa anakuangalia unapekua daftari kutafuta deni lake la nyuma. Hapo programu imenisaidia sana. Naandika jina, deni linatokea na tarehe zake, analipa kiasi, anaongeza mzigo, anaondoka.

Kilichonifanya nikubali kulipa ni jaribio nililomtaka wakala wa programu alifanye mbele yangu. Nilimwambia auze katoni mbili za sabuni ya mche, abonyeze kulipa, kisha kabla risiti haijatoka nikachomoa waya ukutani. Tulipowasha tena, yale mauzo hayakuwepo, na zile katoni mbili zilikuwa zimerudi kwenye hesabu ya stoo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kuuza kitu kimoja ni mambo kadhaa kwa mpigo: mzigo unapungua, fedha inaingia, deni linaandikwa kama lipo, risiti inatoka. Ama yote yaingie, ama lisiingie hata moja. Programu niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa inaishia njiani: sabuni imepungua, fedha haionekani popote. Mume wangu alishaanza kumwita kijana wetu wa kaunta mwizi, kumbe mwizi ni umeme.

Kaunta zipo mbili, na zote zinasoma stoo moja. Likibaki dumu moja la mawese, wa kwanza kulipisha ndiye anayelipata. Wa pili anaambiwa limekwisha, hata kama kwenye kioo chake bado linaonekana. Dumu lenyewe la lita 20 unaweza kulifungua ukaliuza kwa lita, na hesabu inajigawa yenyewe. Sabuni vivyo hivyo, katoni kwa mche. Kwa duka linalouza jumla na rejareja pamoja, hilo peke yake linatosha kumlipa wakala.

Kwenye lipa namba kuna kitu kidogo nilichokipenda. Kila malipo ya simu lazima uingize namba ya muamala, na namba ikishatumika haikubaliki tena. Wapo watu wanaokuja na ujumbe wa jana wakakuonyesha leo kana kwamba wamelipa sasa hivi. Programu inaukataa, na huna haja ya kugombana na mtu mbele za wateja. Ujumbe wa kughushi, wenye namba ya kubuni, haiutambui. Kwa huo bado inabidi uangalie simu ya duka kama fedha imeingia.

Mtandao ukipotea, inaendelea kuuza na kuyapanga mauzo kwenye foleni, halafu inayatuma ukirudi. Kila uuzaji una namba yake, kwa hiyo hata ikituma mara mbili unahesabiwa mmoja. Nimelinganisha na fedha ya droo jioni, zinakubaliana.

Sasa kero. Kubwa kuliko zote, haijaunganishwa na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Hizi mashine zimekuwepo tangu 2010, risiti ya TRA ndiyo inayotambulika, na asiyetoa risiti ana kosa, asiyeidai naye ana kosa. Kwa hiyo kijana anapiga mauzo kwenye kompyuta, halafu anapiga tena kwenye EFD, na foleni inasimama. Jioni nina ripoti mbili, ile Z ya EFD, yaani jumla ya mauzo ya siku, na ya programu, na zikipishana inabidi nikae nizipitie risiti moja moja. Wakala anasema muunganisho unakuja. Kila nikimpigia, unakuja.

Ya pili, haijui faranga. Mteja kutoka Burundi akilipa faranga nazibadilisha kichwani ndipo naandika shilingi, na kiwango cha kubadilishia hakibaki popote. Kwa mji wa mpakani kama huu ni uzembe. Menyu nazo ni Kiingereza kitupu. Kijana wangu amekariri vitufe kwa rangi.

Huduma kwa wateja ni ya kawaida: asubuhi wanajibu WhatsApp haraka, jioni wakati wa kufunga hesabu, ambapo ndipo unawahitaji, kimya.

Mwenye duka la rejareja tupu na kaunta moja, daftari na kikokotoo bado vinamtosha, asidanganywe. Mwenye stoo, wakopaji na vijana wawili kaunta, achukue, ila aombe kwanza kuchomoa waya kama nilivyofanya. Wakala atakushawishi ulipie mwaka upate punguzo. Mimi nalipa mwezi kwa mwezi mpaka huo muunganisho wa EFD uonekane.