Beleshi la theluji la plastiki lenye ukingo wa alumini: likipimwa na theluji ya kwanza

Dhoruba ya theluji inayowahi, kabla baridi haijakolea, ndiyo inayolitesa beleshi kuliko zote. Ardhi bado ina joto, kwa hiyo tabaka la chini linayeyuka na kuwa tope huku la juu likizidi kurundikana. Usiku nyuzi zikishuka chini ya 0, tope hilo linageuka barafu iliyogandamana na sakafu. Beleshi la plastiki la upana wa sentimita 50, lenye kipande cha alumini mdomoni, huuzwa kama la kazi zote. Si kweli. Ni chombo kizuri sana cha kusukumia, na anayelinunua alinunue kwa kazi hiyo.

Tazama uzito. Bapa la sentimita 50 kwa 35 likibeba rundo la kimo cha sentimita 15 linachukua karibu lita 26. Theluji kavu ya kilo 100 kwa mita ya ujazo itakuwa kilo 2.6 tu. Ile yenye maji hufika kilo 300, na hapo kila pigo ni karibu kilo 8, bila kuhesabu beleshi lenyewe. Kwa hiyo ukilazimika kuinua, jaza nusu, kunja magoti, na geuza miguu badala ya kuzungusha kiuno. Mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse kazi hii: baridi hubana mishipa ya damu wakati uleule moyo unapodaiwa nguvu zaidi.

Ukingo wa alumini ndio unaoamua umri wa beleshi. Bila huo, plastiki hulika kwenye zege lenye mikwaruzo na pembe zikaanza kujikunja juu, na beleshi likabaki likiacha utando wa theluji nyuma yake. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye riveti, yaani pini zinazoushikilia ukingo huo. Vichwa vyake viwe vimezama. Vikichomoza hunasa kwenye viungo vya matofali ya sakafu, beleshi likasimama ghafla na mpini ukakuchoma tumboni. Dawa ya hapo ni kusukuma kwa mshazari, usikabili viungo moja kwa moja. Kwenye sakafu ya mbao sukuma kwa kufuata urefu wa mbao, tena bora utumie beleshi lisilo na alumini, kwa sababu alumini hukwangua rangi.

Udhaifu mkubwa uko pale mpini unapoingia kwenye bapa. Mengi yamefungwa kwa skrubu moja. Ikilegea, tundu linapanuka na bapa linaanza kucheza. Toa skrubu hiyo, weka bolti inayopenya hadi upande wa pili, na uikaze kwa nati na washa (kisahani chenye tundu) pana. Kwenye baridi kali plastiki hukakamaa, na hapo hapo ndipo inapopasuka mtu akiligonga beleshi chini ili kuvunja barafu.

Kuhusu kunata: usilitoe kwenye chumba chenye joto na kulitumia papo hapo. Bapa lenye joto huyeyusha theluji, kisha maji yanagandia juu yake. Liache nje kwanza lipoe. Likiwa kavu, lipake nta ya mshumaa au lipulizie silikoni mbele na nyuma, na urudie kila unapoona theluji haidondoki yenyewe.

Usingoje dhoruba iishe. Sukuma kila inapofika sentimita 10 hivi, ukianzia mlangoni, kabla mtu hajaikanyaga, maana iliyokanyagwa hushindiliwa na kuganda. Chumvi ije baada ya beleshi, kidogo kidogo. Ile ya kawaida hupungua nguvu sana chini ya nyuzi hasi 9. Baridi ikizidi hapo, tumia chumvi ya aina nyingine, kloridi ya kalsiamu.

Kuna sehemu moja ambayo beleshi hili halitaiweza hata ulitunze vipi: tuta linaloachwa na greda la barabarani mbele ya njia ya gari. Ni theluji iliyoshindiliwa, imechanganyika na mabonge ya barafu. Lipigie beleshi la chuma, jembamba, la sentimita 30 hivi, ukilikata vipande kutoka juu kwenda chini, na ulianze kabla halijalala usiku mmoja.