Banda la mpira Makorora: skrini kubwa ya wazee, vijana wapo chumba cha pili

Kama upo Tanga na unatafuta sehemu ya kucheki mpira bila kuteseka, hili banda la Makorora mi nalipa kura yangu kabisa. Vibanda umiza nimevizunguka sana, Ngamiani mpaka Chumbageni, vingi ni joto tupu, bati limekushukia kichwani afu tv ndogo imetundikwa juu huko shingo inauma hadi mapumziko. Hapa jamaa kaweka projekta, spika zinasikika vizuri, feni zinazunguka kweli na mabenchi ya nyuma yameinuliwa kwahiyo hata akikaa mtu mrefu mbele yako hakuzibii. Mechi ya kawaida jero, Simba na Yanga buku. Pale nje kuna mama anauza mihogo ya kukaanga na kachori na chatne ya nazi, we nunua kabla mpira haujaanza maana ikifika mapumziko hukuti kitu.

Choo ndo bado. Maji hakuna, ndoo ipo lakini kila nikienda ipo tupu, mwenye banda aliangalie hilo.

Sasa niseme kinachoniuma. Kuna chumba cha pili kina PlayStation, jero kwa gemu moja. Siku Coastal Union, timu yetu ya Tanga, anacheza ugenini, kwenye skrini kubwa tumekaa watu wazima watupu, ndevu nyeupe ndo nyingi, vijana wa miaka 16, 17 wamejazana kule chumbani wengine wamesimama wanasubiri zamu. Timu ya mji wao inacheza live, kuna ukuta mmoja tu katikati, mtoto anakwambia anko utaniambia matokeo.

Na wachache wanaokaa na sisi macho yapo kwenye simu. Kuna dogo alikaa pembeni yangu ana mkeka wake wa kubeti wa mechi nyingi, hii yetu ilikuwa moja tu kati ya hizo, sasa king'amuzi cha banda kinachelewa kidogo kuliko simu, basi simu ikatetemeka akaguna "tumepigwa" wakati sisi kwenye skrini bado tunaona mpira upo katikati ya uwanja! Benchi zima likajua. Tukabaki tunasubiri goli ambalo tayari tunalijua, na yeye hata hakuinua kichwa kuliangalia, mkeka ushachanika akatoka zake.

Wazee pale wanasema watoto wa siku hizi hawana subira, mi nakataa. Mtoto anakaa na PlayStation masaa matatu hajala, huyo subira anayo. Rais wa Real Madrid, Florentino Pérez, mwaka 2021 wakati anaitetea ile Super League, ligi waliyotaka kuianzisha vilabu vikubwa vya Ulaya, alisema vijana wanaona mechi ndefu na labda zifupishwe, afu 2023 ikaanza Kings League ya Gerard Piqué, yule beki wa zamani wa Barcelona, kule Hispania, saba kwa saba, vipindi vya dakika 20. Sawa, wao na kwao. Kwetu Tanga mi naona tatizo lilianzia kwingine, msimu wa 2015/16 timu zetu zote tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa mpigo, na Coastal karudi ligi kuu msimu wa 2018/19. Piga hesabu, mtoto aliyekuwa na miaka saba, nane, umri ule wa kushikwa mkono na baba ake kupelekwa uwanja wa Mkwakwani, akakuta mji hauna timu ligi kuu. Baba akahamia kwenye tv kuangalia Simba na Yanga, mtoto akabaki na simu ya mama. Huyo ndo kijana wa leo, unataka aipende Coastal kwa kuipata wapi?

Na hawajaukataa mpira wenyewe. Waulize fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 pale Arusha, mabao matatu ya Sopu, aliyekuwa mchezaji wa Coastal, dhidi ya Yanga wanayajua moja moja, wameyaona kwenye klipu. Ila ile roho mkononi ya 3-3 hadi penalti zinatuacha, hawaijui, maana ile haikai kwenye klipu ya sekunde thelathini.

Hapo ndo nampongeza mwenye banda. Watu wamemsema sana kwamba gemu zake zinatuulia mashabiki, naye siku hizi akicheza Coastal kipindi cha pili anazima PlayStation na vijana wanaingia kwenye skrini bure. Wapo wanaoondoka, siwezi kudanganya. Ila wanaobaki anakaa nao babu mmoja aliyekuwepo enzi za ubingwa wa 1988, anawaonyesha beki anavyojipanga, nani kachoka, kona ile kwanini imepigwa fupi, na madogo wanamuuliza maswali mpaka simu zinasahaulika mapajani. Hiyo huduma sijaiona banda lingine lolote hapa mjini.

Nampa nyota nne, ya tano akileta maji chooni. Na namuomba azime gemu tangu kipindi cha kwanza, jero za dakika 45 tupo tayari kumchangia sisi wazee. Mechi ya jioni fika mapema ukae upande wa feni, na kama una mtoto njoo naye.