Haibridi au petroli tupu?

Tofauti huonekana kwenye foleni. Gari la petroli huchoma mafuta hata likiwa limesimama, na kila ukikanyaga breki nguvu ya mwendo hupotea kama joto. Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, huzima injini, na mota yake hugeuka jenereta unapopunguza mwendo, ikirudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana pedi zake za breki hudumu zaidi. Kwenye barabara kuu, kilomita 110 kwa saa bila kusimama, faida hiyo hupungua sana.

Oili, plagi na filta hudaiwa na magari ya aina zote mbili. Kinachosahaulika kwenye haibridi ni feni ya kupoza betri kubwa. Haibridi nyingi huvuta hewa hiyo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba chujio, betri huchemka na seli huanza kufa. Lisafishe kila servisi, na usirundike mizigo mbele ya tundu lake. Nyaya za rangi ya chungwa mara nyingi hubeba volti 200 au zaidi: fundi asiyefunzwa asiziguse kabisa.

Ukinunua haibridi iliyotumika, dai kipimo cha volti za kila bloku (kundi la seli) ya betri gari likiwa linaendeshwa. Bloku moja ikishuka kuliko wenzake, hesabu gharama ya betri kwenye bei. Kwa petroli, pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote.