“Boresha mtandao wako”: uzoefu wangu na mchezo wa maswali ya mtandaoni darasani

Jina la hiyo programu silitaji, nisije nikaitangaza bure. Ni ile michezo ya maswali ya kuchagua yenye muziki, rangi na saa inayokimbizana na wewe: mwalimu anarusha swali ukutani kwa projekta, wanafunzi wanabonyeza jibu. Walimu wenzangu wanaisifu. Hata mimi niliisifu, mpaka nilipofika mada ya longitudo na saa.

Shule yetu ni ya kata. Simu kwa wanafunzi ni marufuku, kwa hiyo watoto wa kidato cha kwanza nawapeleka chumba cha kompyuta, watatu watatu kwa mashine moja. Bando natoa mfukoni mwangu, na hotspoti inatoka kwenye kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022.

Swali lilikuwa hili: Greenwich (longitudo 0°) ikiwa saa 6 mchana, je, 45° Mashariki ni saa ngapi? Mtoto agawanye 45 kwa 15, maana kila nyuzi 15 ni saa moja, apate tofauti ya saa tatu, kisha aamue anajumlisha au anatoa. Si swali la kukurupuka. Lakini hii programu pointi zake ni za aliyewahi, ukitulia kufikiri zinapungua. Kundi moja la nyuma, lenye binti ninayemtegemea sana kwa hesabu, lilishaandika saa 9 alasiri kwenye daftari, naona kwa macho yangu, huku skrini yao inazungusha kiduara tu. Mtandao kurudi, muda umekwisha na wao wameshatupwa nje ya mchezo. Wakaingia upya, programu ikawapokea kama wageni: sifuri. Na walioshinda ni nani? Ni wale waliokuwa wanabonyeza rangi nyekundu kila swali bila hata kusoma. Wakapigiwa na tarumbeta!

Nikawaandikia watoa huduma, kwa heshima zote, swali moja tu: mtu akikatika, anarudije na pointi zake? Wakajibu kwamba kwa upande wao kila kitu kiko sawa, tafadhali boresha mtandao wako. Chini yake wakabandika bei ya kifurushi cha shule, kwa dola.

Niboreshe mtandao! Kwani mnara nimeusimika mimi? Pole hakuna, swali langu halijaguswa, halafu nauziwa kitu. Hao watu hawajawahi kusimama mbele ya darasa ambalo wingu likitanda tu, intaneti inaaga. Nyota moja, na hiyo ni ya huruma.

Sasa, haki yake niitaje. Jioni nilifungua ripoti ya majibu, na hapo ndipo hasira ilipoanza kunichanganya. Karibu darasa zima walichagua saa 3 asubuhi. Maana yake kugawanya kwa 15 wanajua, ila wanatoa pale pa kujumlisha; kwamba mashariki jua linatangulia halijawaingia. Kwa kusahihisha madaftari ningeligundua hilo wiki nzima baadaye, nimeshahamia mada nyingine. Kesho yake nikachukua mpira na tochi, tukalimaliza kwa kipindi kimoja. Basi, nyota mbili. Tatu, siku mtandao umetulia.

Mwenzangu wa Hisabati ananicheka. Yeye anatumia Plickers: kila mtoto ana kadi ya karatasi yenye mchoro wake, anaigeuza upande wa A, B, C au D na kuiinua, mwalimu anapitisha kamera ya simu yake basi. Hakuna anayewahi wala kuchelewa. Nimeshachapisha kadi zangu, seti ya 40, na kwa maswali ya hesabu sirudi tena kwenye ule mchezo.

Lakini watoto nao wananisumbua, kila wakiniona korido ni “Mwalimu, ule wa muziki lini?” Nitawapa, kwa majina ya mabara na bahari, vitu vya kujibu upesi. Na yule mtoa huduma aniandikie tena habari za kuboresha mtandao, akaunti naifuta siku hiyo hiyo.