Uzoefu wangu: zefe la taa la Bridgwater, na watoto na mama mkwe

Bridgwater ni mji wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, na zefe lake ni msafara wa usiku wa matela yaliyopambwa kwa balbu. Kama unakwenda na watoto, fika kabla ya saa kumi alasiri. Mara ya kwanza tulichelewa, binti yangu akaambulia taa za juu tu, tena akiwa mabegani mwa baba yake. Safari hii tuliondoka Bristol adhuhuri na tukaingia Bridgwater barabara zikiwa bado wazi. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 9 na 4, na mama mkwe aliyetutembelea kutoka Tanga. Tulibeba viti vya kukunja, mablanketi, chapati na chupa mbili za chai ya tangawizi. Chai ndiyo iliyotuokoa, maana Somerset mwezi wa Novemba baridi hupenya mpaka kwenye soksi.

Msafara huu hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, na asili yake ni kumbukumbu ya njama ya mwaka 1605, Guy Fawkes na wenzake walipotaka kulipua Bunge la Uingereza kwa baruti. Matela hutengenezwa na vilabu, na siku hizi kila kilabu huchagua mada yake. Wanachama ni watu wa kawaida wanaojitolea, na tela moja huwachukua miezi mingi kulijenga.

Saa moja usiku tukaanza kusikia muziki, kisha ukuta wa nyumba ya mkabala ukageuka rangi kabla tela lenyewe halijakata kona. Trekta linakokota kitu chenye urefu wa mita 30 hivi, jenereta linavuma, na balbu kwenye matela makubwa hupita 20,000. Likikupitia karibu, joto la balbu unalisikia usoni. Kwenye baadhi ya matela watu wanacheza ngoma mwanzo mwisho. Mengine ndiyo yaliyonishika zaidi: watu wamepakwa rangi, wamevaa nguo nyepesi, wamesimama kama sanamu, hata kope hazichezi, na msafara mzima ni kama saa mbili. Mama mkwe alimkazia macho kijana mmoja aliyeinua mkono mpaka tela likapotea. "Mwanangu, hawa wana nia," akaniambia. "Kumbe na huku wana zefe." Tangu hapo nyumbani kwetu jina ni hilohilo, zefe la taa.

Beba sarafu. Kuna wanaopita wakikusanya michango ya hisani, na watoto wangu walifurahia kuzitupia kuliko walivyofurahia peremende.

Mdogo aliogopa kelele. Spika ni kubwa mno, na nusu saa ya kwanza alijificha ndani ya kanga ya bibi yake. Mwakani nitamnunulia vikinga masikio. Foleni ya choo nayo ni ndefu, msisubiri mpaka mtoto abanwe.

Tela la mwisho likishapita, msiondoke. Katika barabara kuu ya mji watu hujipanga safu ndefu, kila mmoja ameinua mti wenye fataki kwenye ncha, na zikiwashwa cheche humwagika kama mvua, mtaa mzima ukawa mweupe. Moshi ni mwingi, kwa hiyo mwenye pumu akae mbali. Sisi tulitazama kwa nyuma kidogo na bado tuliona vizuri.

Kusimama barabarani ni bure, viti vya jukwaani ni vya kulipia. Msafara naupa nyota tano. Maegesho tuliyolipia nayapa mbili: hakuna aliyekuwa akiongoza magari, na kutoka tu kulituchukua zaidi ya saa nzima, watoto wamelala.

Mwakani mama mkwe atakuwa kwake Tanga. Ameshaniagiza nimpigie simu ya video msafara ukianza tu, hata kama kwake itakuwa saa nne usiku.