Lita 30 zangu zilikuwa zinakwenda wapi?

Naanza na hukumu kabla hasira haijanitoka: usinunue hita ya maji kwenye lile duka. Silitaji jina, maana Tanga ndogo hii na mwenye duka tunazikana. Itoshe kusema ni wale wanaokuuzia hita kisha wanakwambia "ufundi juu yetu, mama". Huo ufundi juu yao ndio ulionitoa roho.

Mtu wa bara atauliza, mtu wa Tanga na joto lile anataka maji ya moto ya nini? Binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza akaja kwangu Pongwe kumaliza arobaini, kama ilivyo ada. Shangazi yangu akatoka Pangani kuja kumkanda. Kusi lilikuwa limekaza, asubuhi baridi ya kujitanda kanga mbili. Shangazi alikuja akiulizia kuni na mafiga. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, shangazi, mambo ya moshi yamepitwa na wakati, nimenunua hita ya lita 50. Akanitazama tu. Heri angenitukana.

Siku ya kwanza tukakinga ndoo. Ndoo ya lita 20, ile ya kawaida ya rangi. Ikaanza vizuri, mvuke unapanda, nami nikajiona malkia. Kabla haijajaa maji yakaanza kupoa. Ndoo ya pili shangazi akatia mkono, akautoa, akaufutia kanga yake. "Haya ya kunawia," akasema. Taa ya hita inawaka nyekundu, umeme upo, tangi zima tumelipasha tangu alfajiri. Lita 50, natoa 20, nazo hazikutimia. Lita 30 zangu ziko wapi?

Nikampigia fundi wao. Alikuja baada ya kupigiwa mara nne. Akaingia na viatu, akaukanyaga mkeka wa mzazi, salamu hakuna. Akatazama hita kama mtu anayetazama saa, kisha akauliza, "Mama, mko wangapi humu?" Nikamwambia. Akacheka. "Sasa mama, hita si kisima."

Hita si kisima! Mbele ya shangazi yangu, mbele ya mkwe wangu aliyekuja kumwona mwanawe. Kwamba mimi, mtu mzima niliyelea watoto watano kwa maji ya mtungi, sijui maji yanaisha. Nimeoga maneno hayo, nimelala nayo, na mpaka leo nikikinga ndoo yananirudia.

Alichofanya siku hiyo ni kufungua kifuniko na kuizungusha thamostati, ile inayopangia maji yapate moto kiasi gani, mpaka mwisho kabisa. Ndilo kosa ambalo simsamehei hata nikifika Maka. Nyumba ina kichanga. Maji ya nyuzi 60 yanatosha kumuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, huyu kapandisha kupita hapo na wala hakutuambia. Nilijua siku ya pili, binti alipofungua koki akaruka. Na baada ya hapo? Ndoo moja kali, ya pili ya kunawia.

Safari ya pili akasema thamostati imekufa. Akaweka mpya, 35,000 pamoja na mkono wake. Hakuna kilichobadilika. Safari ya tatu akasema ni chokaa, maji yenu ya kisima mabaya. Hapo alinikamata kidogo, maana kweli sisi wa Pongwe tumekalia mawe ya chokaa. Kiwanda cha saruji hakikufuata upepo wa bahari huku. Mapango ya Amboni nayo ni mawe ya aina hiyo yaliyoliwa na maji miaka na miaka. Birika langu lina ukoko mweupe usiotoka hata kwa ndimu. Nikaanza kujilaumu. Halafu akamalizia: "Dawa yako mama ni kuchukua ya lita 100, nitakuongelea dukani upunguziwe." Ndipo nikashtuka. Hita haijamaliza mwezi, chokaa imejaa lini?

Shangazi siku hizo alikuwa ameshapanga mafiga yake nyuma ya jiko na sufuria kubwa ya shughuli. Kuni zinawaka, mzazi anakandwa, hakuna aliyeniambia neno. Kimya chao kilikuwa kikali kuliko maji.

Hita nimeijua kwa kidole. Ilikuwa jioni, nimefungua koki ya moto nikinge ya kuoshea vyombo, nikiwa nimesimama karibu nayo kwa hasira tu, nikashika mabomba mawili yanayoingia chini ya tangi. Moja lina pete nyekundu, moja pete ya bluu. Hata mtoto wa chekechea anajua nyekundu ni moto. Lenye nyekundu lilikuwa baridi. La bluu likanifanya nitoe mkono haraka. Nikarudia, nikidhani nimechanganya. Nikamwita binti ashike. Akashika. Tukatazamana.

Nikamtafuta mzee mmoja wa Ngamiani, fundi bomba wa siku nyingi. Alikuja kwa baiskeli, spana kwenye kikapu. Akabisha hodi, akavua makubazi mlangoni, akamuuliza mzazi hali na kumwombea mtoto dua kabla hajauliza habari ya hita. Nilipomwambia habari ya pete hakucheka. "Umeshamaliza kazi, bi mkubwa, mimi nimebaki na kukaza nati."

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza. Ndani ya tangi maji ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini. Baridi inatakiwa kuingilia kwenye bluu, itulie chini, iyasukume ya moto taratibu. Kwenye nyekundu kuna bomba refu lililosimama ndani mpaka karibu na kichwa cha tangi, ndilo linalochota moto wa juu. Yule kijana aliyaunga kinyume. Kila nikifungua koki, baridi inapanda kwenye lile bomba refu na kumwagika juu ya maji yangu ya moto kama mvua, na mimi nakinga mchanganyiko kule chini. Lita 30 hazikwenda popote, zilipozwa humo humo. Hata ya lita 100 ingekuwa na ugonjwa ule ule, na mimi ningelipa mara mbili.

Chokaa je? Akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Chokaa ikijaa, akasema, hita hunguruma ikipasha, kama sufuria ya maharage. Hii haijasema kitu. Ngoja miaka, itasema.

Akazima umeme, akatoa maji, akabadilisha mabomba, na ile valvu ya usalama akaihamishia upande wa bluu, ndipo pake. Akairudisha thamostati chini. Akanionya nisiwashe mpaka nifungue koki ya moto na maji yatoke mfululizo bila kutema upepo, maana koili, kile chuma cha ndani kinachopasha maji, ikiwaka kavu inaungua. Kazi haikufika saa moja. Ndoo mbili za moto, na ya tatu ndiyo inaanza kulegea.

Kwa hiyo nifute kauli? Hita yenyewe, haki ya Mungu, ni nzuri. Tangi zima linataka saa moja na ushei na karibu uniti mbili za umeme wa LUKU, sioni cha kulalamika. Ningekuwa naipima hita peke yake ningesema chukueni, leo hii. Na mwenye duka alikuja mwenyewe kuniona, na sukari, na doti ya kanga ya mzazi. Moyo ukalainika, nikamkaribisha kahawa. Mpaka aliposema, "Msamehe mama, kijana bado anajifunza."

Anajifunza kwenye mkeka wa nani? Nilipompigia huyo kijana kumweleza pete nyekundu na ya bluu, alinijibu, "Si imeshapona sasa, mama?" Si pole, si samahani. Basi hapana. Kauli sifuti. Kanunueni hita hiyo kwingine, na akija fundi akafunga, msimwache aondoke mpaka mmeshika mabomba yote mawili wenyewe.

Ile thamostati ya mwanzo, aliyosema imekufa, aliisahau juu ya dirisha. Mzee wa Ngamiani aliipima, ni nzima. Nimeifunga kwenye mfuko na risiti ya 35,000, iko kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mwenye duka akija tena kunywa kahawa, nitamletea kwenye sinia.